Mtoto wa macho, mtoto wa masikio: tulifungue hili fundo sisi tunaosomesha nyumbani

Kuna swali akina mama wenzangu hapa Busia, upande wetu wa Uganda, wananiuliza karibu kila wiki tangu wajue nasomesha watoto nyumbani. "Mama, huyu wako wa kati ni wa kuona ama ni wa kusikia?" Yaani anajifunza kwa macho ama kwa masikio, kile wanachokiita mtindo wa kujifunza. Wanauliza vile mtu anauliza grupu ya damu, yaani ukishaijua basi mengine yote yanafuata yenyewe. Siwalaumu hata kidogo. Mimi mwenyewe niliamini hivyo kwa muda na mtoto wangu ndiye aliyelipa, ndio maana nataka tulifungue hili fundo pole pole tuone ukweli uko wapi na tunapotea wapi, kwa sababu ukweli upo, watoto hawafanani, hilo halina ubishi, ila hawafanani mahali pengine kabisa na pale tunapoambiwa tuangalie.

Mi sikuanza kwa kupenda. Shule zetu zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona na madarasa mengi hayakufunguliwa mpaka tarehe 10 Januari 2022, karibu miaka miwili, na hakuna nchi nyingine duniani iliyofunga shule muda mrefu hivyo. Kifungua mimba wangu alikuwa P2, yaani darasa la pili la msingi, wa kati alikuwa bado mdogo anacheza na matope, kitinda mimba alikuwa mgongoni. Kulikuwa na vipindi vya redio, kulikuwa na vile vikaratasi vya kujisomea vilivyogawanywa, lakini mtoto wa P2 huwezi kumpa karatasi ukaenda sokoni ukarudi ukute amesoma. Ikabidi nikae naye. Shule zilipofunguliwa mkubwa akarudi, hao wawili wadogo nikabaki nao nyumbani, karo ilikuwa sababu moja lakini sababu kubwa ni kwamba nilikuwa nimeanza kuona kwa macho yangu vile mtoto anavyoelewa kitu na vile anavyokosa kuelewa, na ukishaona hivyo ni ngumu kumpeleka tu mtoto wa miaka minne kwenye chumba cha watoto sabini ukamwambia kwaheri.

Sasa wa kati. Alipofika miaka sita alikuja rafiki yangu mmoja mwalimu, akakaa naye kama nusu saa, akaniambia huyu ni mtoto wa masikio, angalia anavyoshika nyimbo. Na kweli alikuwa anashika, ukimwimbia kitu mara mbili ya tatu anakurudishia chote. Basi nikapanga masomo yake yote yawe ya kusikia. Kuhesabu kwa wimbo, siku za wiki kwa wimbo, na kitabu cha kusoma namsomea mimi kwa sauti yeye anarudia. Baada ya wiki tano hivi akawa "anasoma" kitabu kizima cha Kiingereza, kurasa kumi na mbili, nyanya yake akapiga makofi na mimi moyo ukajaa. Halafu siku moja nikiwa napepeta mchele pale mlangoni nikageuka nikaona kidole chake kiko mstari wa chini na mdomo wake bado uko mstari wa juu. Nikaacha ungo nikaenda kukaa karibu yake. Pale kwenye ukurasa kulikuwa na picha ya ng'ombe, nikaifunika kwa kiganja nikamwambia endelea baba. Akanyamaza. Akaniangalia, akaangalia mkono wangu, akasema mama toa mkono sioni maneno. Maneno yalikuwa wazi yote. Nilichofunika ni ng'ombe tu.

Hakuwa anasoma hata neno moja. Alikuwa amekariri sauti yangu na kuipachika kwenye picha, na mimi kwa kufuata ule ushauri wa "mpe kwa masikio" nilikuwa nimemjengea njia nzuri kabisa ya kukwepa herufi. Nililia usiku ule, nasema ukweli.

Hapo ndipo nikaanza kutafuta hii habari ya mitindo ya kujifunza imetoka wapi, na nikakuta si kitu kimoja, ni vitu vingi vimesukwa pamoja kama mkeka. Uzi mmoja unatoka kwa Neil Fleming, mtu wa New Zealand, ambaye mwaka 1992 alitoa mpango wa kuwagawa watu makundi manne: wa kuona, wa kusikia, wa kusoma na kuandika, na wa kutenda kwa mikono. Unajaza maswali, unaambiwa wewe ni nani. Uzi mwingine ni wa Howard Gardner wa Marekani, yeye mwaka 1983 aliandika kwamba akili si moja, ziko aina nyingi, ya lugha, ya hesabu, ya muziki, ya mwili na kadhalika, na watu wakachukua hilo wakalichanganya na lile la macho na masikio, mpaka Gardner mwenyewe ikabidi aseme wazi kwamba nadharia yake si mitindo ya kujifunza, watu wasichanganye. Na hao wawili hawako peke yao. Mwaka 2004 watafiti Uingereza walikaa wakahesabu mipango ya namna hii iliyokuwepo wakakuta 71. Sabini na moja! Sasa fikiria, kama kweli mtoto angekuwa na mtindo mmoja wa kuzaliwa nao, ingewezekanaje watu wazima 71 waangalie watoto walewale kila mmoja atoke na makundi yake?

Lakini wingi peke yake haumaanishi ni uongo, kinachotakiwa ni kupima. Na kupima kwake nitakueleza kwa mfano maana hapa ndipo kiini kiko. Chukua watoto arobaini, nusu wamesema wao ni wa kuona, nusu wa kusikia. Wachanganye, kisha nusu ya kila kundi wafundishe kwa picha na nusu wafundishe kwa maneno ya mdomo, wote somo lilelile, halafu wote wape mtihani mmoja. Kama mitindo ni kweli lazima uone mkasi: wale wa kuona wafaulu zaidi kwa picha, wale wa kusikia wafaulu zaidi kwa maneno. Ukiona picha imewasaidia wote, ama maneno yamewasaidia wote, basi hujaonyesha mtindo, umeonyesha tu kwamba somo lile linafundishwa vizuri zaidi kwa njia ile. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne, Harold Pashler na wenzake, walipitia utafiti uliokuwepo wakitafuta huo mkasi. Walikuta kazi chache sana zilizopimwa kwa njia sahihi, na kati ya hizo chache kadhaa zilionyesha kinyume. Wakasema hakuna ushahidi wa kutosha wa kumfanya mtu atumie pesa na muda kugawa watoto hivyo.

Najua mzazi akisikia hivi anasema lakini mimi naona kwa macho yangu wangu anapenda picha! Ndio, anapenda. Kupenda ni kweli. Hata hao watafiti hawakatai kwamba watu wana wanachokipenda, na ukimuuliza mtoto atakuambia bila kusita. Ila kupenda njia na kujifunza kwa hiyo njia ni mambo mawili. Wa kati wangu alipenda kusikia kwa sababu kusikia kulikuwa rahisi kwake na herufi zilikuwa ngumu, na mtoto yeyote ukimpa barabara mbili atashika ile isiyo na mlima.

Halafu angalia kitu chenyewe unachofundisha, kitu ndicho kinachochagua mlango. Ramani ya Uganda huwezi kuiimba, lazima aone Ziwa Victoria liko wapi na Mto Nile unatokea wapi pale Jinja. Matamshi ya neno huwezi kuyachora, lazima asikie. Kufunga kamba ya kiatu hata umweleze siku nzima, mpaka mikono yake ifanye. Mtoto "wa macho" na mtoto "wa masikio" wote wawili kwenye ramani watatumia macho.

Na kuna jambo moja limenisaidia mimi kuliko yote, nililipata kwa Jerome Bruner, Mmarekani aliyeandika sana kuhusu kujifunza kwa watoto miaka ya 1960. Yeye alisema mtoto anapokea kitu kwa njia tatu zinazofuatana, kwanza kwa kutenda, kisha kwa picha, kisha kwa alama kama namba na maneno. Niliposoma hivyo nikaelewa kwamba vile tunavyoviita aina za watoto kwa sehemu kubwa ni vidato vya ngazi moja, na kila mtoto anavipanda vyote. Mfano kutoa. Nane toa tatu. Siku ya kwanza tunatumia vifuniko vya soda, nane kwenye mkeka, vitatu vinaondoka vinaingia kwenye kikombe, unasikia vikilia ndani, hesabu vilivyobaki. Tukishafanya hivyo siku kadhaa tunachora viduara kwenye daftari na kufuta vitatu kwa mstari. Halafu ndio namba zenyewe. Kitinda mimba saa hii yuko kwenye vifuniko, kaka yake yuko kwenye namba, mtu akiingia ghafla atasema huyu mdogo ni wa kutenda na huyu mkubwa ni wa kuandika. Hapana. Mmoja ameanza jana, mwingine alianza zamani. Na ukimpa huyo huyo kaka yake sehemu za namba, nusu na robo, kitu ambacho ni kipya kwake, anarudi chini kwenye mikono, tunakata chapati.

Basi tofauti za kweli ziko wapi? Mi nimeona nne, na nitazitaja kwa uzito niliouona nyumbani kwangu, kwako zinaweza kupangika vingine.

Ya kwanza na kubwa kuliko zote ni kile mtoto anachokijua tayari, na hapa Uganda hiyo maana yake kwanza kabisa ni lugha. Watoto wa hapa mpakani wanaamka na Kisamia, wanacheza kwa Kiswahili, sokoni kuna Kiganda na Kiteso, na kitabu kiko kwa Kiingereza. Serikali yenyewe iliona hili, tangu 2007 mtaala wa P1 mpaka P3 unatakiwa ufundishwe kwa lugha ya mahali, P4 ndio mwaka wa kuvuka, Kiingereza kinashika kuanzia hapo kwenda juu. Ila mjini ambapo lugha zimechanganyika shule nyingi zinaanza Kiingereza moja kwa moja, na wazazi wengi wanafurahi wakiona hivyo, na sisi wa nyumbani tunaiga bila kufikiri. Mimi niliiga. Ule usiku wa ng'ombe nilikaa nikajiuliza, huyu mtoto nimempa kazi ngapi kwa mara moja? Ajue kwamba alama ni sauti, hiyo kazi ya kwanza. Ajue neno lenyewe maana yake nini kwa lugha asiyoiongea, ya pili. Na ya tatu, akubali kwamba kwa Kiingereza herufi moja inabadilisha sauti inavyotaka.

Hiyo ya tatu si ndogo jamani. Kuna utafiti wa mwaka 2003 uliolinganisha watoto wanaoanza kusoma kwenye lugha 13 za Ulaya, wakakuta wale wa Kiingereza wanachukua zaidi ya mara mbili ya muda wa wale ambao lugha zao zinaandikwa kama zinavyotamkwa. Na hao walikuwa wanasoma Kiingereza kikiwa lugha yao ya nyumbani! Sasa Kiswahili chetu ni katika zile lugha nyepesi, a ni a leo na a kesho, ba ni ba popote utakapoikuta. Nikafunga kile kitabu cha ng'ombe nikakiweka juu ya kabati. Tukaanza ba be bi bo bu kwa chaki kwenye mlango wa jikoni. Nilikuwa naandika silabi tu, yeye anaunganisha, ba-ba, bi-bi, bo-ba. Wiki ya tatu akasoma "kuku" peke yake, sijamsaidia, na akageuka kuangalia nje kama kuku mwenyewe yupo. Hapo sikuwa na wimbo wala picha. Kilichokuwa kimemzuia hakikuwa mtindo, ni kwamba nilimwanzishia kwenye kilele cha mlima.

Ya pili ni tabia ya kuzaliwa nayo, na hii ndiyo watu wengi wanaiona halafu wanaiita mtindo. Kulikuwa na madaktari wawili New York, Alexander Thomas na mkewe Stella Chess, kuanzia 1956 walifuata kundi la watoto tangu wakiwa wachanga kwa miaka mingi sana. Waliangalia vitu kama mtoto anatembea tembea kiasi gani, analala na kula kwa saa ama hana saa, anakaribia kitu kipya ama anarudi nyuma, anavumilia kwenye kazi moja kwa muda gani, anasumbuliwa na kelele kiasi gani. Kama 40 katika kila 100 waliwaita wepesi, 10 wagumu, 15 ni wale wanaochelewa kuchangamka, na waliobaki walikuwa mchanganyiko. Lakini kitu cha maana walichosema ni kwamba tabia yenyewe haimharibu mtoto wala haimtengenezi, kinachoamua ni vile tabia yake inavyoendana na mahali anapolelewa. Mtoto wa fujo kwenye nyumba yenye uwanja si shida, mtoto huyohuyo kwenye chumba kimoja cha kupanga na mama aliyechoka, hapo pana vita.

Kifungua mimba wangu ni yule wa kuchelewa kuchangamka. Kitu kipya ukimpa leo atasema sijui, hataki, atakunja uso, na ukimlazimisha analia. Nilikuwa nadhani ni mvivu, na niliwahi kumwambia hivyo, nikimkumbuka uso wake bado inaniuma. Siku hizi kitu kipya namwonyesha jioni bila kumuuliza chochote, "kesho tutafanya hizi", anaangalia tu, tunakula tunalala. Kesho yake si kipya tena na anaingia vizuri. Wa kati yeye kinyume, kitu kipya anakirukia na baada ya dakika kumi miguu inaanza. Kwa hiyo yeye masomo yake ni mafupi, dakika kumi na tano, anakimbia kuzunguka mwembe anarudi, tunaendelea. Somo ni lilelile, njia ya kufundisha ni ileile, nilichobadilisha ni saa na mwendo. Hapo ndipo kusomesha nyumbani kunashinda darasa la watoto sabini, maana mwalimu wa shule hata awe na moyo wa dhahabu hawezi kumwambia mtoto mmoja kazunguke mwembe wakati wengine 69 wanamwangalia.

Ya tatu ni mwili, nayo tafadhali msiiruke. Kitinda mimba alipokuwa na miaka mitatu na nusu kila mtu alisema huyu sasa ndio wa macho, anaangalia sana, ukimwita hageuki mpaka akuone, anapenda vitabu vya picha, nyimbo hataki. Hata mimi baada ya yote yaliyonipata nilikaribia kukubali. Kumbe alikuwa ametoka mafua mazito mara mbili mfululizo na nilichoona ni kwamba ananiangalia mdomo. Macho yake yalikuwa hayako kwenye macho yangu, yalikuwa kwenye midomo. Nikasimama nyuma yake nikamnong'oneza, nani anataka mandazi? Kimya. Mtoto ambaye angesikia karatasi ya mandazi ikikunjuliwa kwa jirani! Nikampeleka kituo cha afya, wakaangalia, wakaniambia kuna maji maji yamekusanyika nyuma ya ngoma ya sikio, kitu cha kawaida sana kwa watoto wadogo baada ya mafua, mara nyingi kinaisha chenyewe lakini kinaweza kukaa miezi na kumfanya asikie kama yuko chini ya maji. Turudi waangalie tena. Tulirudi, likaisha, na mtoto "wa macho" sasa anaimba mpaka tunamwomba anyamaze tulale. Kwa hiyo kabla hujamwita mtoto wa kuona, hakikisha anasikia. Kabla hujamwita wa kusikia, mwonyeshe kitu kidogo ng'ambo ya uwanja uone kama anakiona. Na usingizi pia uko hapa: watoto wa miaka 3 mpaka 5 wanahitaji saa 10 mpaka 13 kwa siku, wa miaka 6 mpaka 12 saa 9 mpaka 12, na nyumba nyingi zetu zenye TV moja na chumba kimoja mtoto analala saa nne usiku na kuamshwa kumi na mbili asubuhi kuchota maji, halafu tunasema hana umakini.

Ya nne ni mazoea, na hii tunaitengeneza wenyewe. Mtoto aliyezoea kusaidiwa kila akikwama atakwama kila dakika. Nina sheria moja tu hapa, akikwama ajaribu mara mbili kwa sauti nikimsikia ndio aniite, na sitaieleza zaidi maana kila nyumba ina yake.

Kabla sijamaliza niseme kuhusu sheria kwa sababu akina mama wananiuliza kwa hofu. Sheria ya elimu ya Uganda ya 2008 inasema elimu ya msingi ni ya lazima kwa mtoto kuanzia miaka 6 na ni ya miaka saba. Kwa hiyo usimfiche mtoto ndani ukasema unasomesha wakati humsomeshi, hilo si kusomesha nyumbani, ni kumnyima. Nenda ofisi ya elimu ya wilaya, jitambulishe, uliza wanataka uonyeshe nini. Fuata mtaala wa NCDC, kile kituo cha serikali kinachotunga mitaala, hata kama unaongeza vyako. Na fikiria PLE mapema, mtihani wa kumaliza msingi unaotolewa na UNEB, bodi ya mitihani ya taifa, mwisho wa P7, Kiingereza, hesabu, sayansi na SST yaani maarifa ya jamii, mtoto anasajiliwa kupitia shule yenye kituo cha mtihani, hajisajilii mwenyewe jikoni. Ongea na shule miaka miwili kabla, usisubiri mwaka wenyewe. Mimi nimepanga wangu wawili waingie shule wakifika P5 na nimeshaongea na mwalimu mkuu mmoja hapa karibu, kila mtu ataangalia hali yake.

Sasa, kama mtindo si kitu cha kufuata, kuna njia gani inayofaa watoto wote? Zipo mbili zenye ushahidi wa miaka mingi na hazihitaji shilingi hata moja. Ya kwanza ni kugawanya. Mjerumani Hermann Ebbinghaus mwaka 1885 alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, akaona tunasahau haraka sana mwanzoni, na kwamba kurudia kwa kuachanisha siku kunashika kuliko kurundika kwa siku moja. Wazee wetu walisema haba na haba hujaza kibaba, dakika kumi kila siku kwa siku sita ni bora kuliko saa moja Jumamosi. Ya pili ni kumfanya atoe kichwani badala ya kumwingizia tena. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke kule Marekani waliwapa wanafunzi kitu cha kusoma, wengine wakasoma tena na tena, wengine wakafunga wakajaribu kukumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja wale waliojaribu kukumbuka wakawa mbele yao. Hapo ndipo wazazi tunadanganyika, kwa sababu tunapima baada ya dakika tano, mtoto anasema chote, tunafunga daftari tukifurahi, kama mimi na kile kitabu changu cha kurasa kumi na mbili.

Kwangu hilo la kutoa kichwani hatulifanyii mezani. Hapa Busia malori yanapanga foleni kuelekea mpakani, yamesimama barabarani saa nzima wakati mwingine zaidi, na kila moja limeandikwa kitu. Wakati ule wa silabi, jioni nikienda kununua mukene, wale dagaa wetu, nilikuwa naenda na wa kati, yeye kazi yake ni kunisomea nyuma ya malori tunayoyapita, simsaidii, akishindwa tunapita, kesho lori lingine. Mwezi wa pili hivi tukasimama nyuma ya lori moja la mafuta, limeandikwa kwa rangi nyekundu maneno mawili makubwa, moja upande wa kushoto na jingine kulia. Akaanza la kushoto. Ha. Ta. Ri. Hatari! Akanivuta mkono tusogee nyuma, mama twende huku, imesema hatari. Tukasogea. Halafu akarudisha macho kwenye neno la pili, DANGER, akalisoma taratibu kama nilivyomfundisha, da-n-ge-r, "danger" kwa sauti ya Kiswahili kabisa, akakunja uso. Nikamwambia hilo ni lilelile, hatari, ila kwa Kiingereza wanasema deinja. Akaliangalia tena herufi kwa herufi, akaniuliza, sasa hiyo j iko wapi?

Nikamwambia ni swali zuri na tukifika nyumbani tuliandike. Aliliandika yeye mwenyewe kwa chaki, chini kabisa ya mlango wa jikoni, na kesho yake tukakitoa kile kitabu cha Kiingereza juu ya kabati.